Mama Jikoni Amepumzika

Kwa majonzi yasiyopimika, na kwa kibali cha baraza la wazee wa kanisa, wakazi wote wa Manyamanyama, Bunda mjini na vitongoji vyake, pamoja na ndugu, jamaa, marafiki na wale wanaofikaga msibani kwa ajili ya wali tu, wanatangaziwa kwamba mama yetu mpendwa, nguzo ya jumuiya, askari wa imani, Tabitha Nyamburi Magige, amepumzika. Amepumzikia Butiama. Taarifa nyingine zitafuata.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti Jumatano asubuhi. Lilirudiwa mara tatu, mara ya tatu likiwa na kwikwi. Na saa hiyohiyo, huko Butiama, marehemu alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akimenya karanga na kukodoleana macho na pimbi aliyekuwa juu ya jiwe la pili.

Pimbi alishindwa, akaondoka zake.

Kumwelewa Tabitha, anza na mwiko. Si ule wa nyumbani wa kukorogea uji. Huu ni mrefu kama kasia, na mpini wake umeng'aa kwa jasho la miaka ishirini na miwili. Siku za kawaida Tabitha huuza dagaa na kamongo wa moshi sokoni Bunda. Lakini Manyamanyama ina siku chache sana za kawaida, maana watu wake wana bidii ya kufa. Mtu akikata roho, habari humfikia kwanza mfiwa, halafu Tabitha, halafu ndiyo mchungaji; na wapo wanaoapa kwamba mara mojamoja mfiwa amekuwa wa pili. Jina la Tabitha ni wachache wanaolitumia. Mama Jikoni, basi. Wageni wa mbali wakimkuta amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu kwa moshi, humdhania ndiye mfiwa mkuu na kumpa pole. Yeye huitikia asante, halafu huwauliza kama gari lao linaweza kubeba kuni.

Mumewe, Magige, alipofariki miaka kumi na moja iliyopita, watu walijitahidi. Walimkalisha mjane chumbani kwenye godoro, katikati ya wanawake wa kumliwaza. Siku ya pili mzee mmoja wa kanisa aliingia, akapiga magoti kwa heshima zote, akamnong'oneza kwamba maharage yamegoma kuiva. Tabitha akafuta machozi, akainuka. Maharage yakaiva. Watu wakala, wakajipangusa midomo, wakasema huyo sasa ndiye mwanamke.

Basi mwezi wa tano mwaka huu, katikati ya ugali wa watu mia mbili, Tabitha alisimama ghafla, mwiko umezama kwenye sufuria, akamgeukia wifi yake Hilda, dada wa marehemu Magige, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Wifi, hivi aliyekufa hapa ni nani?"

Hilda alidhani anataniwa. "Mzee Bernado."

"Si tulimzika mwaka jana?"

"Huyo alikuwaga mdogo wake."

"Huyu ndiye aliyekuwa na pikipiki?"

"Huyu ndiye uliyesali naye jumuiya moja miaka kumi, Tabitha. Alikuwaga anakaa benchi la mbele yako."

Tabitha akaendelea kusonga ugali. Lakini aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, akajaribu kuukumbuka uso wa Mzee Bernado, na kila alipokazana, uso uliokuja ulikuwa wa sufuria. Akajaribu uso wa Magige. Ulikuja, ila ulichelewa. Hapo ndipo alipoogopa.

Mwezi uliofuata kanisa likaandaa semina ya siku tatu, mada yake Kupumzika Katika Bwana. Mwalimu aliletwa kutoka Musoma, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na kona. Wapumzikaji walikuwa mia na themanini. Walipumzika kwa chai ya saa nne, kwa chakula cha saa saba na kwa chai ya saa kumi, na ni nani hakupumzika hiyo si siri. Neno lilimfikia Tabitha kupitia tundu la msumari kwenye bati la jiko. Mwalimu aliuliza: mpendwa, mara ya mwisho ulikaa lini kimya, peke yako, bila kazi, wewe na Mungu wako? Ukumbini watu wakaitikia amina, ingawa lile lilikuwa swali. Jikoni Tabitha akanyoosha mgongo, mgongo ukalia kama mlango wa stoo, akahesabu. Ilikuwa mwaka tisini na nne, alipolazwa kwa malaria.

Jioni ile alimfuata Mzee Nathan. Huyu Nathan ndiye mzee kiongozi wa kanisa. Zamani alikuwa karani wa chama cha pamba, na mpaka leo huongea na watu kana kwamba wamesimama kwenye mzani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mama Diana. Chai ilikuwa na tangawizi nzuri."

"Mzee, nataka kwenda mahali nikae peke yangu. Siku saba."

"Safi. Kufunga na kuomba."

"Kukaa."

"Kukaa na nani?"

"Peke yangu."

"Una mgonjwa huko?"

"Sina."

"Umekosana na mtu hapa?"

"Hapana, mzee. Nataka kukaa tu."

Mzee Nathan alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama pamba iliyolowa. "Basi tuunde kamati ndogo ikusindikize," alisema. "Watu kumi na watano hivi. Mtahitaji chakula, lakini wewe upo."

Tabitha alisema atafikiria. Alifikiria mpaka getini.

Jumatatu alfajiri alifunga mlango wake, akaacha simu ndani ya debe la unga ili asiisikie hata ikimlilia, akapanda gari la Kiabakari na kutoka hapo akapanda la Butiama. Shangazi yake, aliyefariki zamani, alimwachia huko nyumba ya vyumba viwili, bati juu, mawe makubwa nyuma kama ng'ombe waliolala. Kabla ya kuifukia simu kwenye unga alimpigia binti yake Diana, anayefanya kazi ofisini Musoma na kuishi Kamunyonge.

"Wakiniulizia, waambie nimepumzika."

"Nitawaambia hivyohivyo, mama," alisema Diana, na msichana yule, tofauti na watu wengi, alitimiza ahadi yake neno kwa neno. Jumanne alimwandikia Mzee Nathan meseji: Shikamoo mzee. Mama amepumzika Butiama tangu jana. Simu yake haitapatikana tena wiki hii. Naomba mumwache apumzike kwa amani.

Sasa kaa kwenye kiti cha Mzee Nathan, miwani puani, uisome.

Alisoma mpaka pale kwenye tangu jana, akavua kofia. Alimpigia Diana mara tisa. Diana aliona namba ya Manyamanyama, akajua ni jambo moja tu watu wale huwa wanampigia, kwamba kuna mtu amekufa na mpishi anatafutwa, akaiweka simu kifudifudi mezani. Alipoona zimefika simu arobaini, maana na wengine walijaribu, alizidi kukaza roho. Safari hii hawampati, alisema moyoni. Mzee Nathan naye akawaambia wenzake kwamba mtoto hana hata nguvu ya kupokea simu. Halafu akakaa chini kwa uzito, akasema: "Kumbe alikuwa ananiaga. Aliniambia kabisa, mzee, nataka kwenda mahali nikae peke yangu. Nikamuuliza, na nani? Peke yangu, akasema."

Baraza zima likasisimka. Saa moja baadaye kamba za turubai zilikuwa zinafungwa kwenye mpapai wa Tabitha.

Yeye hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alikuwa na shida nyingine: hakujua kumpikia mtu mmoja. Jumatatu mchana aliteleka sufuria, akamimina unga kwa mkono uleule wa siku zote, akajikuta anatazamana na ugali wa watu kumi na wawili. Akaula moto, akaula wa baridi, akaula Jumanne umekauka pembeni, na uliobaki akawatupia kunguru, ambao walikuja wengi na kukaa kwa kupangana kama wageni wa kamati. Chumvi ilimshinda kabisa. Vidole vyake havikuwa na kipimo cha mtu anayeitwa Tabitha.

Alilala. Alilala Jumatatu tangu saa nane mchana, akaamka Jumanne jua limepanda, akasikia aibu, akatafuta ufagio. Hakukuwa na mtu wa kumwona akifagia, kwa hiyo akauweka chini. Akalala tena. Jumatano, baada ya lile beseni na pimbi, alijaribu kuomba. Alianza kama anavyoanzaga kanisani, Baba uliye mwema tunakushukuru, akasita kwenye tunakushukuru, maana walikuwa wangapi pale? Akarudia mwanzo kwa umoja. Maneno yakaisha. Miaka yote alikuwa akiomba huku akiangalia kama maji yamechemka; sasa hapakuwa na maji, na sala ilisimama pale mlangoni kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Akaiacha isimame. Akakaa nayo. Upepo ukapita kwenye majani makavu ya mahindi, jua likasogea kutoka jiwe moja kwenda jingine, na alasiri hiyo, bila kukazana, uso wa Magige ulimjia mara moja, na meno yake yaliyoachana, na yule mzaha wake mbaya kuhusu kamongo. Tabitha akacheka peke yake. Halafu akalia kilio ambacho miaka kumi na moja iliyopita alikikatiza kwa sababu ya maharage.

Alipomaliza alisonga kikombe kimoja cha unga. Ugali ukatoka wa mtu mmoja. Aliuangalia kwa muda mrefu. Zimebaki siku nne, alijiambia, na akahisi utajiri ambao hajawahi kuuhisi hata siku moja sokoni.

Alhamisi saa nne asubuhi likaja pikapu.

Lilikuwa na tawi bichi mbele na kitambaa chekundu kwenye kioo, na nyuma lilibeba jeneza jipya linalonuka vanishi. Tabitha alikuwa anasuuza sahani yake moja. Mzee Nathan alishuka kwanza, kofia mkononi, akamwona, akasimama. Hilda alishuka upande wa pili, akamwona, akakaa chini palepale kwenye vumbi, kanga mdomoni.

"Shikamoo mzee," alisema Tabitha. "Mmefiwa?"

Mzee Nathan hakuitikia. Kwa maiti, salamu haina utaratibu. "Mama Diana," alisema polepole, "wewe umekufa."

"Nani kasema?"

Alimpa simu. Tabitha aliisoma ile meseji kwa kuisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Mbona haisemi nimekufa?"

"Inasema umepumzika. Kwa amani. Na simu haipatikani tena."

"Kwani mzee, kwenu nyie mwanamke hapumziki mpaka afe?"

Mzee Nathan alifikiri kwa uaminifu, kama karani aliyeulizwa kitabu cha mwaka gani. "Mimi sijawahi kumwona," alisema.

Hilda alikuwa ameinuka, akaja akamshika wifi yake shavu, bega, mkono, akimkagua kama kitambaa cha dukani. Alikuwa analia kweli. Hilo lazima lisemwe. Tabitha aliliona, likampoza kidogo, mpaka alipochungulia jeneza.

"Fupi hili."

"Tulikadiria, wifi. Hakuna aliyekuwa anakumbuka urefu wako. Tumekuzoea umeinama."

"Haya. Mmeniona, mzima. Nendeni mkawaambie. Mimi nitarudi Jumapili."

Wale wawili wakatazamana. Mzee Nathan akaanza kwa kukohoa, na mtu wa Bunda akikohoa hivyo ujue jambo limeshaamuliwa. Ng'ombe amechinjwa, alisema. Watu wa kwao Mugango, wanakotoka dagaa wake, wamefika tangu jana, na wa kwao Magige pia. Na wazee wa ukoo wamesema, endapo kutatokea lolote, maana wazee hao walikuwa wamefikiria kila kitu, kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima arudi aonekane, ale chakula cha msiba wake kwa mkono wake, ndipo msiba uvunjwe. La sivyo ni mkosi kwa nyumba nzima, mpaka Diana. Sheria hiyo haikuwahi kusikika mkoa mzima wa Mara kabla ya wiki ile, lakini ilitamkwa kwa jina la mtoto, na mzazi haibishanii sheria ya namna hiyo.

"Saa moja tu," alisema Tabitha. "Nakula, mnanirudisha."

"Saa moja," alisema Mzee Nathan.

Akafunga mlango. Sahani aliiacha ndani ya beseni.

Mbele ya pikapu palikuwa na nafasi ya dereva na watu wawili. Mzee Nathan ni mzee. Hilda ana goti. Marehemu akapanda nyuma, akakaa ubavuni mwa jeneza lake, akalishikilia kwenye mabonde lisije likachubuka, maana Hilda alishamwambia kwamba fundi amekubali kulirudisha kama halina mchubuko. Pale Kiabakari watu wa bodaboda walisimama wima, wakavua helmeti. Mama mmoja wa ndizi akampungia kwa huzuni, akamwambia pole sana mama. Tabitha akaitikia asante.

Manyamanyama walimpokea kwa vigelegele, kwa mbio, kwa watu wawili kuzimia, mmoja wao kwa makusudi. Diana alikuwa ameshafika kutoka Kamunyonge, baada ya kuona picha ya mama yake kwenye wasapu imezungushiwa mishumaa, na alikuwa amesimama katikati ya ua akiwasema wazee bila kupumua. Alimwona mama yake akishuka, akanyamaza, akaja kumkumbatia.

"Nilisema hivyohivyo ulivyoniambia, mama."

"Najua, mwanangu. Si kosa lako. Ni lugha."

Kwenye meza ya mbele palikuwa na karatasi ya wasifu wa marehemu, ambayo haikuwa imesomwa bado. Tabitha aliichukua. Kamati ilikuwa imeiandaa kwa siku mbili. Ilisema: Marehemu alizaliwa. Tarehe ilikuwa imeachwa nafasi. Marehemu alipenda, na hapo pakafuata nafasi nyingine, halafu mtu mwenye mwandiko wa haraka akaandika, kupika. Aliikunja mara nne, akaiweka kifuani ndani ya blauzi.

"Nipeni hicho chakula nile," alisema.

Hilda akatazama chini.

"Ndiyo shida yenyewe, wifi," alisema. "Mwiko walinipa mimi. Wali chini mkaa, katikati uji, juu bado mchele. Jana watu wamelia usiku kucha, hatujui nani alikulilia wewe, nani alililia tumbo. Ng'ombe yumo kwenye masufuria tangu saa kumi na moja alfajiri, kama tairi. Mzee wa kwenu Mugango amesema hawezi kuvunja msiba kwa chakula kile, marehemu angekasirika."

"Marehemu ni mimi."

"Ndiyo maana."

Diana akasema hapana, mama hapiki, mama anarudi Butiama sasa hivi, nitamrudisha mwenyewe. Watu mia tatu walimsikiliza kwa adabu. Halafu wote, bila kuambizana, wakamtazama Tabitha: watoto waliokuwa na njaa, bibi kizee kutoka Mugango aliyesafiri na miguu imevimba, mjomba wa Magige anayetafuna kwa fizi. Hakuna aliyemwomba. Laiti wangemwomba, angekataa. Alisimama pale, akasikia ile saa yake moja ikipungua, akatembea mwenyewe hadi nyuma ya nyumba. Mwiko ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mtu alikuwa ameufunga utepe mweusi.

Akaufungua utepe, akafungia nywele.

Saa kumi alasiri nyama ilikuwa laini. Wali ulisimama punje kwa punje. Mzee wa Mugango alikula, akafuta ndevu, akatangaza kwamba msiba umevunjika, na watu wakashangilia kwa midomo iliyojaa. Tabitha alipewa tonge la sheria mbele ya mashahidi, akalimeza. Lilikuwa na chumvi sawasawa, ya watu mia tatu. Pikapu lilikuwa limekwenda kurudisha jeneza, na gari la mwisho la Butiama lilikuwa limeshapita. Vijana walianza kufungua kamba za turubai, Hilda akawazuia kwa mkono, akamsogelea wifi yake.

"Kwanza wasilishushe, eti," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe usiende mbali. Mzee Masatu hali yake siyo nzuri."

Hapo ndipo Mzee Nathan aliposhika kipaza sauti. Alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba huona miujiza upesi. Alisema kanisa limepokea ushuhuda mkubwa kuliko semina zote. Alisema mama huyu, wapendwa, alijitenga, aliacha soko, aliacha simu, alikaa siku tatu nzima kwenye mawe ya Butiama, yeye na Mungu wake tu, na leo amerudi kwetu kama mtu aliyetoka kaburini. Alisema hawezi kuwaacha watu waondoke bila kusikia. Alikuja na kile kipaza sauti hadi jikoni, waya ukiburuzika kwenye maganda ya viazi, watu wakamfuata, wengine na sahani zao, wakajipanga kuizunguka sufuria ambayo Tabitha alikuwa ameinama ndani yake akikwangua ukoko.

"Mama Diana," alisema Mzee Nathan, na sauti yake ikarudi kutoka spika zote nne, "siku tatu peke yako na Bwana. Tuambie sisi ambao hatukujaliwa. Alikuambia nini?"

Tabitha aliinua kichwa. Alikitazama kipaza sauti, akawatazama watu, akakwangua mara moja zaidi.

"Hakuniambia kitu," alisema. "Aliniacha nilale."